Ng'ombe 30 kwa ajili ya PhD

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kishapu, nina miaka 29. Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya elimu katika saikolojia. Sasa nafundisha na nashika dawati la ushauri shuleni, ila ndoto yangu ni kuwa mwanasaikolojia wa kutibu watu.

Mjomba wangu ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu Nyarugusu, Geita. Yuko tayari kuuza ng'ombe 30 anisomeshe, kwa sharti nisome PhD moja kwa moja ili ukoo upate daktari. Masta hataki kuisikia, anasema mwenye masta ni mwalimu aliyeongezwa mshahara tu. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema huko bila shahada ya udaktari hufungui ofisi. Halafu kuna kijana wa Mwanza, wakala wa vyuo, anayesema kuna chuo cha nje kinachotoa PhD ya saikolojia tiba kwa miezi 14, yote kwa simu, ada inalipwa mara moja. Mama ananihimiza nikubali haraka kwa kuwa wapwa tuko wengi na mjomba anaweza kugeuka. Mchumba wangu naye anasema miaka mitano ya masomo hawezi kusubiri.

Kilichonisukuma ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Baba yake alifukiwa na kifusi duarani, mgodini, mwaka jana. Mtoto huja shule na tochi ya kichwani ya baba yake. Wakati wa mapumziko hukaa nyuma ya darasa, anaifunika kwa kiganja, anawasha, anazima. Nilipomuuliza alinijibu, "Nikizima naona udongo, mwalimu." Sikujua la kusema. Nikampa elfu mbili ya chai.

Nifanyeje?

Mwalimu, Kishapu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nianze na mjomba kwa kuwa ndiye mwenye haraka, lakini yule mtoto nitamrudia.

Neno "daktari" linatusumbua. Kuna daktari anayetibu na kuna daktari wa shahada, na mfano uko hapo hapo wilayani kwenu. Dk. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alikuwa na PhD ya jiolojia. Udaktari wake ulikuwa wa miamba. Hakuna ambaye angempelekea mtoto mwenye homa. Mpe mjomba mfano huo. Yeye anaishi kwa mawe, ataushika mara moja. PhD katika vyuo vyetu vingi ni shahada ya utafiti: unashika swali moja kwa miaka kadhaa, unakusanya taarifa, unaandika tasnifu na kuitetea mbele ya waliobobea. Ni kazi nzito na nchi inaihitaji. Ila mtu anaweza kuimaliza bila kukaa hata saa moja na mgonjwa anayelia.

Binamu yako hakudanganyi. Marekani, anayetaka kuitwa mwanasaikolojia tiba na kujitegemea kwa kawaida anahitaji PhD, au shahada nyingine iitwayo PsyD, iliyobuniwa kwa ajili ya wanaotaka kutibu zaidi ya kutafiti. Chuo Kikuu cha Illinois ndicho kilichoianza, mwaka 1968. Njia zote mbili zina mwaka mzima wa mafunzo kazini, kisha leseni. Programu nyingi za PhD huko humlipia mwanafunzi ada na kumpa posho kwa kazi ya utafiti, ndiyo maana kuingia ni kugombania tundu la sindano. PsyD wengi hujilipia wenyewe, na kwa bei zao ng'ombe 30 hawamalizi hata mwaka mmoja. Uingereza pia ni shahada ya udaktari, miaka mitatu. Lakini ukishuka Afrika Kusini unakuta mwanasaikolojia tiba anasajiliwa akiwa na masta, baada ya mwaka mmoja wa mafunzo kazini na mwaka mwingine wa kuhudumia jamii. Kila nchi imeweka mlango wake mahali pake.

Mlango wetu ni masta ya saikolojia tiba ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, miaka miwili. Utasoma, na utapelekwa kwa wagonjwa ukiwa na mtu wa kukusimamia. Baadaye ukitaka udaktari wa fani hii bila kutoka Afrika Mashariki, Nairobi wapo USIU wenye PsyD na Daystar wenye PhD, na huko unaingia ukiwa na masta yako. Kwa hiyo mwambie mjomba kwamba ngazi anayotaka uiruke ndiyo inayofika kwenye daktari wake. Asiuze ng'ombe wote. Apeleke wachache mnadani kila mwaka, kadiri ada inavyodaiwa, na waliobaki waendelee kuzaa.

Ninasisitiza hilo la kusimamiwa, kwa sababu hapo ndipo mtaalamu anapopatikana. Rafiki yangu mmoja, alipokuwa mafunzoni, alirekodi mazungumzo na mgonjwa aliyeridhia kurekodiwa. Msimamizi wake akayasikiliza, akasimamisha mahali mama yule aliposema, "Nilikuwa na watoto watatu." Rafiki yangu alikuwa amedakia papo hapo: "Na sasa wako wangapi?" Msimamizi akamuuliza, "Ulikuwa unakimbilia wapi?" Waliirudia sentensi ile karibu saa nzima. Alikuja kunisimulia, bila kutaja jina la mgonjwa wala mji, kwamba siku hiyo alijua alikuwa anauogopa ukimya kuliko mgonjwa mwenyewe. Kikao kilichofuata alinyamaza, akahesabu mbao za dari moyoni, mpaka mama akaanza kusema.

Sasa niambie, nani atakusimamisha hivyo kwenye chuo cha miezi 14 cha simu? Huyo wakala usimpe hata shilingi. Chuo chochote cha nje, kabla ya kulipa, waulize Tume ya Vyuo Vikuu kama wanakitambua, na jibu lao lipate kwa maandishi.

Kuhusu kazi: wewe ni mtumishi wa umma, usiondoke kituoni bila ruhusa ya masomo, maana utoro kazini utakufukuzisha. Mwone afisa utumishi wa halmashauri, uliza kama jina lako linaweza kuingia kwenye mpango wa mafunzo, na uliza mapema habari ya kubadilishiwa kada ukihitimu. Usije ukarudi na cheti cha saikolojia tiba ukapangiwa vipindi vile vile. Mchumba mwambie ni miaka miwili, na Dar es Salaam mabasi yanafika. Asiyeweza hiyo miwili amekusaidia kumjua.

Kusomea nyumbani kuna faida nyingine. Usukumani mtu akifa kwa ajali ya shimo, swali la kwanza kwenye matanga mengi ni nani aliyeutuma udongo huo. Vikongwe wa mkoa wetu wameuawa wakidhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata kwa miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kwenye moshi. Mwanasaikolojia wa Kishapu lazima ajue kwamba mjane aliyekaa mbele yake ametoka kwa mganga jana, na kwamba huzuni yake inaweza kuwa inamtafuta bibi wa jirani. Sitegemei somo hilo ulikute Illinois.

Haya, sasa nirudi kwa yule mtoto wa tochi.

Mwaka 2015 wachimbaji watano waliokolewa kwenye mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari ile niliifuatilia kila siku. Nilitaka kujua walikula nini, na tuliongea sana habari za mende na vyura. Sikumbuki hata mara moja kujiuliza walilalaje usiku wa kwanza nyumbani, taa ilipozimwa. Mwanafunzi wako amenijibu swali ambalo sikuliuliza, na nimelia mbele ya barua yako.

Elfu mbili haikuwa kosa, mwanangu. Ulimwona, wengine hawakumwona. Lakini hawezi kungoja masta yako. Tafuta mama yake au mlezi wake wiki hii. Uliza anavyolala, anavyokula, kama anajitenga na wenzake. Sikiliza pia nani nyumbani anatajwa kuwa chanzo cha kifo kile. Ukisikia jina la kikongwe, mtafute mwenyekiti wa kijiji au polisi siku hiyo hiyo. Muulize mtoto mwenyewe, faraghani na kwa upole, kama huwa anatamani asiwepo. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo. Hata akisema hapana, naye bado anaona udongo, fuatana na mlezi mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, Shinyanga, mkaombe huduma ya afya ya akili. Wakiona inafaa watampeleka Bugando, Mwanza. Nyumbani wakiwa wameshampeleka kwa mganga, usigombane nao. Waombe tu na hospitali afike. Na ukiwa hapo hospitali, waulize kama unaweza kurudi siku za likizo ukae pembeni uone kazi inavyofanywa, kabla mjomba hajauza hata ndama.

Jumatatu kengele ya mapumziko ikigonga, nenda nyuma ya darasa ukae naye. Mwambie umekuja kukaa tu. Usimdai hadithi ya baba yake, na tochi usimnyang'anye. Nunua betri mbili za akiba, uziweke mfukoni.

Shangazi