MWASHO WA NGOZI UTOKANAO NA PIKO

Katika misimu ya arusi na siku za Idi, baadhi ya wananchi husumbuliwa na mwasho mkali wa mikono na miguu baada ya kupakwa piko. Tatizo hili huwapata pia wanaume wanaotia ndevu rangi nyeusi, ingawa wao aghalabu hawalisemi.

Ni vyema ieleweke kwamba piko si hina. Hina ni unga wa majani ya mhina. Rangi yake ni nyekundu ielekeayo kahawia, nayo huhitaji saa kadhaa ili ikolee. Piko ni dawa ya kutia nywele weusi, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Nchi za Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, wala haziruhusu ipakwe kwenye ngozi. Hina inayotoa weusi kwa muda mfupi huwa imechanganywa na dawa hiyo.

Mara ya kwanza kinga ya mwili huweza kuizoea kemikali hii kama adui bila ya mtu kuhisi lolote. Akipakwa tena, mwasho, uvimbe na malengelenge hutokea, lakini si papo hapo, bali baada ya siku 1 hadi 3. Kwa ajili ya kuchelewa huku, bibi arusi huanza kuwashwa karamu imekwisha, na lawama ikamwangukia pweza au sabuni mpya. Dalili ya kutazamwa ni umbo la vipele, kwani hufuata maua yale yale yaliyochorwa. Hoja ya kwamba mtu amepaka miaka mingi salama haina nguvu, kwani mzio huweza kuanza wakati wowote.

Aliyepatwa na hali hii aoshe kwa maji baridi na sabuni isiyo manukato, aweke kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, akate kucha na asitumbue malengelenge. Maji ya moto, mafuta ya taa na dawa ya meno huzidisha madhara. Afike kituo cha afya apatiwe dawa ya kupaka inayofaa. Baadhi ya vidonge vya kutuliza mwasho huleta usingizi. Madereva wanatakiwa waulize kabla ya kuvimeza. Akivimba uso au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Mzio huu ukishaingia kwa kawaida hauondoki. Mwenye nao anatakiwa ajiepushe na piko na rangi nyingi za nywele, na amweleze daktari kabla ya kupakwa dawa ya ganzi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina asili inayokaribiana na kemikali hiyo.