UVIKO-19 Usipoisha Upesi: Mambo ya Kuzingatia Unapotafuta Huduma ya Meno

Wapo waliougua UVIKO-19 na hawajarudia afya yao ya awali. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo kuwa ni ya dalili ambazo kwa kawaida huwapo miezi 3 tangu kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na hazielezeki kwa maradhi mengine. Uchovu, kuishiwa pumzi na kusahausahau hutajwa zaidi.

Ikiwa una hali hiyo, ieleze kliniki siku unapoomba miadi. Usingoje mpaka uwe kitini. Kulala chali kwa muda mrefu huweza kukubana pumzi, na kuinuka ghafla huleta kizunguzungu. Omba kazi igawanywe katika mahudhurio mafupi. Chukua dawa zako zote, kwani baadhi, zikiwamo za mzio na za sonona, hupunguza mate, na mate yakipungua meno huoza upesi. (Pipi za kulainisha koo, ambazo wengi huzikimbilia, mara nyingi ni sukari tupu.)

Mhudumu naye huugua. Nchini Uingereza, Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilikadiria Machi 2023 kuwa watu milioni 1.9 walikuwa na dalili zilizozidi wiki 4, wahudumu wa afya wakiwamo. Kazi ya meno hudai mkono uliotulia na kuinama kwa saa nyingi. Mwenye uchovu wa namna hiyo haiwezi kwa siku nzima. Katika kliniki yenye daktari mmoja, akikosekana, miadi yote huahirishwa.

Hapo ndipo mteja anapoweza kupoteza fedha na jino pia. Aliyeanza tiba ya mzizi wa jino huondoka na mzibo wa muda, ambao ukikaa mno huvuja na vijidudu hurudi ndani. Basi kabla ya kulipia tiba ya hatua kadhaa, uliza: nani ataimaliza daktari huyu asipokuwapo, na fedha ya hatua isiyofanywa itarejeshwaje? Dai stakabadhi inayotenganisha gharama za kila hatua, nakala ya picha ya eksirei na maelezo ya kazi iliyofanyika, ili daktari mwingine aweze kuendelea pale ilipoishia.

Miadi ikiahirishwa nawe ukavimba uso au ukapata homa, usisubiri tarehe mpya. Nenda hospitali siku hiyohiyo.