KIKOHOZI CHA MTOTO USIKU: TUFANYE NINI NYUMBANI MPAKA KUCHE?

(Somo la afya)

Safari hii hatuzungumzi juu ya ugonjwa wa mbali. Tunazungumza juu ya kitu tunachokisikia wenyewe kila mwaka: mtoto mdogo anakohoa usiku. Mchana alicheza, jioni alikula bugali na ndagala vizuri, akalala. Saa sita ya usiku anaanza, koho, koho, koho, mpaka nyumba yote inaamka.

Mtu atauliza, hii si kazi ya wamama? Ni kweli, lakini tuangalie nyumba zetu, iwe Mulongwe, Kakombe, Kalundu, Kavimvira, au kule Kiliba na Makobola. Mtoto akiisha kumwachia mama kwa sababu mwingine amezaliwa, analala wapi? Analala nasi, kwenye mkeka mmoja, chini ya kikwembe kimoja. Sisi ndio tunasikia kwanza, na sisi ndio tunatumwa: «Washa moto! Enda uite koko! Enda ununue siro!» Basi inafaa tujue kitu cha kufanya, na kitu cha kukataa.

Kwanza, kwa nini usiku? Mwalimu wa biolojia alituchorea kichwa na koo ubaoni. Mtoto mwenye mafua ana kamasi nyingi. Mchana anasimama, anakimbia, anameza, anapenga. Usiku akilala chali, kamasi inashuka nyuma ya pua mpaka kooni, na koo inajisafisha kwa kukohoa. Kwa hiyo kikohozi ni kama ufagio. Nyumba ikiwa na takataka hatuvunji ufagio. Mtoto akilala mapema hata anakohoa mara chache, anaponyonya au kula na kupumua vizuri, huyo hana haja ya dawa kali. Kikohozi cha mafua ya kawaida kinaweza kukaa siku 10, wiki 2, hata karibu na wiki 3, kikipungua polepole. Wengi hawajui jambo hili. Siku ya nne wanaona bado, wanasema dawa ya kwanza imeshindwa, wanatafuta ya pili, ya tatu, na mwisho wanatafuta mtu wa wembe. Huyo tutamzungumza mbele.

Sasa tumpe nini? Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 apewe ziwa la mama tu, mara nyingi kuliko kawaida. Hakuna chai, hakuna maji ya majani. Pua ikiziba hawezi kunyonya, kwa hiyo tumsafishe pua kwanza. Chukua kikombe cha maji yaliyochemka na kupoa, tia chumvi nusu ya kijiko kidogo isiyojaa, koroga. Tia matone machache katika kila tundu la pua, au lowesha ncha ya kitambaa laini na safi, uipindepinde, utoe kamasi polepole. Halafu mama amnyonyeshe. Kazi hii ni ndogo, lakini tumeona mtoto aliyelia masaa mawili akilala baada yake.

Mkubwa zaidi apewe kinywaji cha vuguvugu kidogo kidogo. Na yule aliyepita mwaka 1 apewe asali: nusu ya kijiko kidogo mpaka miaka 5, kijiko kidogo kizima kwa aliyezidi hapo, kama nusu saa kabla ya kulala. Hii si hadithi ya wazee tu. Mwaka 2007 madaktari wa Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 105 waliokohoa usiku. Wengine walipewa asali, wengine dawa ya kikohozi ya dukani, wengine hawakupewa kitu. Kwa maneno ya wazazi wao, waliopewa asali ndio walilala vizuri zaidi. Sisi tuna bahati, asali inashuka kutoka milimani. Lakini ionje kwanza, maana wachuuzi wengine wanaongeza sukari. Asali ikikosekana, maji ya moto kidogo yenye sukari na ndimu yatalainisha koo pia. Maji yawe yamechemka. Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kuelezwa kolera ni nini.

Angalieni sana: mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 hapana kumpa asali, hata tone kwenye kidole. Ndani ya asali kunaweza kuwa na mbegu za mdudu asiyeonekana kwa macho. Tumbo la mkubwa linamshinda. Katika tumbo la mtoto mchanga mbegu zinaota, zinatoa sumu inayolegeza misuli, hata misuli ya kupumua. Ugonjwa huo unaitwa botulisimu.

Tuje kwenye moshi. Usiku upepo unashuka kutoka milimani, baridi inaingia, na mama anaingiza mbabula ndani ili mtoto apate joto. Anafunga mlango na dirisha, na nguo anaziba chini ya mlango. Nia ni nzuri, lakini matokeo ni mabaya mara mbili. Moshi na vumbi la makala vinawasha koo ya mtoto, na kikohozi kinazidi. Tena makala yanayowaka bila hewa yanatoa gazi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, inayoweza kuua watu wote wa nyumba katika usingizi. Mbabula ikae nje. Mtoto apewe joto kwa nguo kavu, soksi, na mwili wa mtu anayelala naye. Sigara ya baba vilevile iende nje. Tunajua si rahisi kumwambia baba neno hilo, lakini mama anaweza kumwambia.

Wengine wanamfunika mtoto kichwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka ili avute mvuke. Hapana. Sufuria inapinduka, na maji ya moto yanaharibu ngozi kuliko mafua yanavyoharibu usingizi. Mafuta ya mawese au ya mise, kama mnapaka kifuani, hayana ubaya mkubwa. Lakini msiyamwage puani wala kumnywesha kwa nguvu akilia, yanaingia mapafuni na kuleta ugonjwa mpya. Pomadi ya mentoli hapana kwa aliye chini ya miaka 2.

Na siro? Siro nyingi za kikohozi haziwasaidii watoto wadogo, na nyingine ni hatari. Zile zenye kodeini zinaweza kuzuia pumzi. Tena mwaka 2022, katika nchi ya Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika figo. Mwezi wa 10 mwaka huo Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa onyo juu ya siro 4 zilizokutwa na sumu inayoitwa dietileni glikoli. Wazazi wale walinunua dawa kwa pesa yao, kwa upendo. Basi tusitumwe kununua siro isiyojulikana inakotoka, kwa mtu anayeuza juu ya meza kwenye jua. Wala tusifungue kapsuli ya tetra iliyobaki kwa mjomba na kuigawanya. Tetrasikilini si dawa ya mtoto mdogo, na antibiotiki hazifanyi kitu kwa mafua. Aspirini vilevile hapana. Kama ana homa, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na kesho apimwe damu. Hapa kwetu homa na kikohozi vinaweza kuja pamoja na malaria.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili.

Mwaka huu mdogo wa mwenzetu mmoja, mtoto wa miezi 8, alikohoa usiku mara tatu mfululizo. Usiku wa tatu koko yake alimfungua kinywa kwa taa, akaangalia, akasema: «Mutoto iko na kilimi. Ni kirefu sana. Asubui mumwite ule muzee akuye kuikata.» Mama alinyamaza. Baba alikuwa ziwani kuvua. Mwenzetu alijua nani anaitwa, maana yeye mwenyewe alikatwa akiwa mdogo.

Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Tulipoanza kuandika, sisi sita, tulifungua vinywa mbele ya taa ya simu na kuangaliana. Wawili hatuna. Waliobaki wanacho, na wote tunakohoa sawasawa tukishikwa na mafua! Kila mtu anazaliwa na kilimi. Kinasaidia kuzuia chakula kisipande puani, na kinasaidia sauti. Mtoto akikohoa na kutapika sana kinakuwa chekundu na kuvimba kidogo, kama vile macho yanavyokuwa mekundu tukilia. Wekundu huo ni matokeo ya ugonjwa. Si chanzo. Lakini mkata kilimi anafika, anakata, na kikohozi cha mafua kikiisha chenyewe wiki inayofuata, yeye anapokea sifa na kuku.

Asiyeponyeka hana nafasi ya kusema. Desturi hii iko kwetu, iko Burundi na Rwanda, iko Tanzania, iko mpaka Etiopia na Niger, na waganga wa hospitali wa nchi hizo wanaona matokeo yake: damu isiyokatika, usaha kooni, pepopunda, na virusi vya Ukimwi kama wembe ulitoka kwa mtoto mwingine. Kuna ubaya mwingine usioonekana. Siku zinazopita kumngoja mkataji na kungoja kidonda kipone, ni siku ambazo mtoto mwenye ugonjwa wa mapafu angekuwa anakunywa dawa.

Mwenzetu hakubishana na koko. Kubishana na mzee usiku kunaleta ugomvi tu. Alisema: «Koko, tuachilie kwanza nihesabu pumzi yake, walitufundisha ku masomo.» Koko akakubali, labda kwa kutaka kujua. Mtoto alikuwa ametulia kifuani mwa mama. Alipandisha nguo, akaangalia tumbo linavyopanda na kushuka, simu ikihesabu dakika 1 nzima. Akapata 58. Akarudia. 56.

Hesabu hii ina historia. Katika miaka ya 1980 madaktari waliofanya kazi Goroka, katika Papua Guinea Mpya, walitafuta namna ya kutambua nimonia mahali pasipo radiografi. Waliona kwamba kuhesabu pumzi tu kunaonyesha mengi. OMS ikaichukua njia hiyo kwa nchi nyingi, na leo manesi wetu wanaitumia. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya, na dakika iwe nzima, si nusu:

Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni mbio.
Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka 1: 50 au zaidi.
Mwaka 1 mpaka miaka 5: 40 au zaidi.

Mtoto anayekohoa na pumzi yake inafika hesabu hii, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mara nyingi atapewa amoksisilini, komprime inayoyeyushwa katika maji. Dozi imalizike hata kama kikohozi kimekwisha.

Kuna dalili zisizongoja asubuhi. Akivuta hewa na chini ya mbavu kunaingia shimo. Akikataa ziwa au kushindwa kunywa. Akitapika kila kitu. Akishikwa na degedege. Akilegea hata kuamka ni shida. Akiwa na midomo ya rangi ya bluu, akigugumia kila pumzi, au akikoroma akivuta hewa ingawa ametulia. Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa au asiyenyonya, huyo hata hatuhesabu, tunaondoka. Tunajua kuna usiku ambao njia haipitiki, kwa mvua au kwa usalama. Basi tujue mapema, mchana, ni jirani gani mwenye pikipiki, na nesi gani anakaa karibu. Mtoto abebwe wima kifuani, si mgongoni amebanwa.

Kikohozi kinachopita wiki 2, mtoto akikonda, au mtu mzima wa nyumbani akikohoa pia, kinahitaji kuchunguzwa kwa ajili ya kifua kikuu. Kinachorudi kila mara na mlio kama filimbi kinaweza kuwa pumu. Kinachokuja mfululizo mpaka mtoto anapiga ukelele wa kuvuta hewa na kutapika kinaweza kuwa kifaduro. Tuangalie kadi yake: chanjo yake inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Wengine watasema tumesahau maombi. Hatukusahau. Dokta Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2018, ni mwana wa mchungaji wa Bukavu. Anasimulia kwamba akiwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, na njiani akauliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akajibu kwamba hiyo ni kazi ya waganga. Mtoto huyo alikuja kuanza uganga wake Lemera, huku kwetu, katika hospitali ya kanisa.

Mdogo wa mwenzetu alipelekwa saa kumi na mbili ya asubuhi. Koko ndiye aliyembeba. Siku ya tatu alinyonya vizuri. Kilimi chake anacho bado, na koko anasema bado kwamba ni kirefu.

Kazi ya wiki hii: kila mwanafunzi ahesabu pumzi ya mtoto mmoja wa nyumbani akiwa mzima na amelala, mara mbili, aandike miezi yake na hesabu, alete kwa mwalimu wa biolojia siku ya Jumatatu. Asiye na mtoto nyumbani ahesabu wa jirani, akiisha kuomba ruhusa kwa mama yake.