Taa ya Injini Imewaka? Usikimbilie Kununua Oksijeni Sensa



Somo la leo linafanana na la mafundi, lakini ni lako wewe unayeuza mtandaoni na kupeleka mizigo kwa gari yako mwenyewe. Soma mpaka mwisho, maana mimi nimeshalilipia ada.

Niko Dutwa, barabara ya Bariadi kwenda Lamadi. Nauza viatu na nguo za watoto. Oda zinaingia WhatsApp, mzigo nafuata Mwanza, halafu nasambaza Bariadi, Lamadi na vijiji vya njiani. Gari ni IST ya siku nyingi. Na huku kwetu Simiyu unajua mambo yalivyo: pesa inaonekana wakulima wakiuza pamba. Msimu ukikaribia, kila shilingi unaiweka kwenye mzigo.

Sasa mwaka mmoja, wiki chache kabla ya msimu, taa ya injini ikawaka. Gari ikisimama inatetemeka, ukikanyaga mafuta inasitasita. Fundi akaweka mashine, ikatoka namba P0171. Akasema, "Bosi, oksijeni sensa imekufa." Nikatoa pesa ya mzigo, nikanunua sensa, ikafungwa. Siku ya tatu taa ikarudi, na gari inatetemeka vilevile.

Fundi wa pili hakununua kitu. Alifungua boneti, akashika bomba la mpira linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini, akalikunja kidogo. Lilikuwa limepasuka kwa chini. Likabadilishwa, taa ikazimika mpaka leo. Sensa yangu ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi nilimuua.

1. SENSA INAFANYA KAZI GANI?

Oksijeni sensa imechomekwa kwenye bomba la moshi (ekzosi). Inapima hewa ya oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua, halafu inapeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari. Oksijeni ikiwa nyingi, kompyuta inaelewa mafuta ni machache, inaongeza. Ikiwa kidogo, inapunguza. Teknolojia hii siyo ngeni: Volvo wa Sweden waliiweka kwenye gari zao mwaka 1976, sensa ikiwa imetengenezwa na Bosch wa Ujerumani.

Kwa hiyo sensa ni mtoa taarifa. Bomba likipasuka na kuingiza hewa ya wizi, sensa itasema "hewa imezidi", na itakuwa inasema kweli. Ukiibadilisha, mpya nayo itasema hivyohivyo.

2. SOMA NAMBA VIZURI

Mafundi wanaita kodi. Usiogope, siyo ya TRA. Hizi ndizo utakutana nazo sana:

• P0171: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Anza na mabomba ya hewa yaliyopasuka, sensa ya kupima hewa inayoingia kuwa chafu, pampu ya mafuta kuchoka, au ekzosi kuvuja kabla ya sensa.
• P0172: mafuta yamezidi. Angalia noseli zinazovuja na presha ya mafuta.
• P0133: sensa ya kwanza inajibu polepole. Hapa sensa inashukiwa, lakini kagua kwanza uvujaji wa ekzosi na nyaya.
• P0135: umeme wa hita ya sensa ya kwanza una shida.
• P0141: umeme wa hita ya sensa ya pili una shida.
• P0420: masega ya ekzosi hayasafishi moshi inavyotakiwa. Kama masega yako yalishatolewa, kubadilisha sensa hakutakusaidia.

Namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Siyo orodha ya manunuzi.

Ukiweza, nunua kile kifaa kidogo cha OBD2 kinachounganishwa na simu. Tahadhari: baadhi ya gari za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japan hazisomeki kwa programu za kawaida za simu. Hapo nenda kwa fundi mwenye mashine, na umwambie akuandikie namba kabla hajaifuta.

3. SENSA IPO WAPI?

Fuata ekzosi kuanzia inapotoka kwenye injini. Utaona kitu kama plagi kimechomekwa kwenye bomba, kina waya unaotoka mgongoni. Gari ndogo za silinda nne kama IST, Vitz na Probox mara nyingi zina mbili:

• Sensa ya kwanza ipo kabla ya masega, karibu na injini. Hii ndiyo inayoongoza mafuta.
• Sensa ya pili ipo baada ya masega, chini ya gari. Kazi yake kubwa ni kuchunguza kama masega yanafanya kazi.

Mashine ikisema "benki 1 sensa 1", maana yake ni ile ya kabla ya masega, upande wa silinda namba moja. Injini ya V6 ina pande mbili, kwa hiyo zinaweza kuwa nne. Watu wengi wanabadilisha ya chini kwa sababu ndiyo rahisi kufikika, kumbe mbovu ni ya juu.

4. IPIME KABLA YA KUIHUKUMU

Mwaka uliofuata taa ikawaka tena. Safari hii P0135. Gari haitetemeki, ila mafuta yanakwenda. Sikununua kitu. Tulifanya hivi:

Kwanza, fyuzi. Ikiungua fyuzi ya hita, namba ni ileile.

Pili, waya na soketi yake. Tulikagua kama waya umegusa ekzosi ukayeyuka, au soketi ina kutu na vumbi.

Tatu, hita yenyewe. Sensa inatakiwa ipate moto, zaidi ya nyuzi 300, ndipo isome vizuri. Hita ndani yake inaipasha haraka. Sensa ya nyaya nne huwa na nyaya mbili za rangi moja. Mara nyingi hizo ndizo za hita. Chomoa soketi, weka mita kwenye ohimu, pima hizo mbili upande wa sensa ikiwa ya baridi. Hita nzima inasoma ohimu chache. Yangu mita haikusoma chochote, maana yake waya wa ndani umekatika. Hapo sasa sensa imehukumiwa kwa ushahidi.

Kuna kipimo kingine cha sensa ya kawaida: injini ikiwa ya moto, usomaji wa sensa ya kwanza unatakiwa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ukiganda sehemu moja, kuna jambo. Lakini gari nyingine zina sensa ya aina ya A/F, ambayo haisomi hivyo. Uliza kwanza gari yako ina ipi.

5. UKIINUNUA

Wewe ni muuzaji wa mtandaoni, unajua picha na mzigo vinaweza kupishana. Basi kuwa mteja mgumu:

• Chukua namba iliyoandikwa kwenye sensa yako ya zamani, linganisha na ya muuzaji.
• Omba picha halisi ya soketi na urefu wa waya, siyo picha ya kudownlodi.
• Taja kama unataka ya kabla ya masega au ya baada.
• Sensa ya mtumba ni bahati nasibu. Ukiichukua, pima hita yake hapohapo kabla ya kulipa.

6. KUFUNGA

Acha ekzosi ipoe usiungue, lakini uvuguvugu kidogo unasaidia nati kuachia. Kama unaingia chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi au tumia shimo la gereji. Toa kichwa hasi cha betri. Chomoa soketi ya sensa. Pulizia oili ya kulegeza nati, subiri. Sensa za kujikunja zenyewe nyingi zinafunguliwa kwa spana 22. Toyota nyingine zimeshikwa na nati mbili kwenye flanji.

Mpya usiidondoshe na usiguse ncha yake. Usipake silikoni wala grisi ya kawaida karibu na ncha, zinaiharibu. Anza kuikunja kwa mkono mpaka ishike uzi vizuri, ndipo umalizie na spana. Usikate nyaya na kuunga kama soketi zinaingiliana. Rudisha waya kwenye vishikizo vyake usiguse ekzosi. Futa namba kwenye mashine, tembea siku mbili tatu, soma tena.

7. HESABU YAKO WEWE MUUZAJI

Kwa nini nakusumbua na haya? Jaza tanki mpaka juu, andika kilomita. Tembea wiki moja, jaza tena mpaka juu, angalia zimeingia lita ngapi. Gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100.

Chukua mfano. Unatembea kilomita 300 kwa wiki. Gari nzima inakula lita 7 kwa kilomita 100, jumla lita 21. Ikianza kula lita 9, jumla lita 27. Zimepotea lita 6. Lita ikiwa Sh 3,000 kwa urahisi wa hesabu, ni Sh 18,000 kwa wiki, Sh 72,000 kwa wiki nne. Kama faida yako kwa pea moja ya viatu ni Sh 4,000, umeuza pea 18 kwa ajili ya moshi.

Na upande wa pili: ukinunua sensa isiyohitajika, umepoteza pesa ya mzigo na tatizo bado unalo. Mimi mwaka ule msimu wa pamba ulifunguliwa nikiwa na nusu ya viatu nilivyopanga. Wateja waliuliza saizi, sikuwa nazo, wakaenda kwingine.

Kwa hiyo weka daftari la gari pembeni ya daftari la mauzo: tarehe, kilomita, lita, namba ya kosa, kilichobadilishwa. Na fundi akikuambia "badilisha", muulize swali moja kwa heshima: "Fundi wangu, tumepima nini kuthibitisha?" Fundi mzuri hatachukia.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayefanya delivari. Kwenye maoni niandikie: gari yako inakula lita ngapi kwa kilomita 100? Kama hujui, hapo ndipo pa kuanzia wiki hii.