Pikapu ya Umeme au ya Mseto: Ipi Inafaa Kukokota Tela?

Mkazi au kikundi kinachokusudia kununua pikapu ya kukokota tela la maji, mazao au mifugo sasa husikia habari za aina mbili mpya: ya umeme na ya mseto, ambayo wengi huiita haibridi. Uamuzi huo ni mzito, hasa kwa kikundi kitakachotumia mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Marejesho hayasubiri gari lililoishiwa chaji njiani.

Tofauti yake

Pikapu ya umeme huendeshwa na mota inayotegemea betri pekee. Ya mseto ina injini ya mafuta pamoja na mota. Mseto wa kawaida huchaji betri yake kwa injini na wakati gari linapopunguza mwendo. Mseto wa kuchomeka huweza pia kuchajiwa kwa umeme wa nyumbani.

Nguvu ipo, akiba ni ndogo

Wengi hudhani gari la umeme ni dhaifu. Sivyo. Mota hutoa nguvu kubwa tangu gari linapoondoka. Ford F-150 Lightning, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2022, iliidhinishwa kuvuta hadi takriban kilo 4,500.

Tatizo ni akiba ya nishati. Betri kubwa ya pikapu hiyo hubeba uniti 131, zilezile zinazohesabiwa kwenye mita ya LUKU. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9. Kwa hiyo betri nzima ni sawa na lita 15 hivi. Kwa kuwa mota haipotezi nishati nyingi kama injini, akiba hiyo hufikisha gari lisilo na tela takriban kilomita 510. Likikokota tela refu na zito, majaribio ya Marekani yameonyesha umbali ukipungua kwa nusu au zaidi, kwa sababu ya uzito na upepo unaokinzana na tela.

Kujaza nako huchukua muda. Chaja ya nyumbani ya kilowati 7 huhitaji takriban saa 19 kujaza betri ya uniti 131. Tangi la petroli hujazwa kwa dakika chache.

Mseto nao una mipaka

Betri ya mseto wa kawaida ni ndogo. Katika mlima mrefu huisha mapema, na injini hubaki na kazi yote. Nafuu ya mafuta huonekana zaidi katika safari za kusimama na kuondoka mara kwa mara. Aidha, mseto si lazima uvute zaidi: nchini Australia, BYD Shark ya mseto wa kuchomeka iliidhinishwa kuvuta kilo 2,500, ilhali Toyota Hilux nyingi za dizeli huvuta kilo 3,500.

Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

1. Pima mzigo. Maji lita 2,000 ni kilo 2,000, kabla ya kuongeza tangi na tela. Jumla isizidi kiwango cha mtengenezaji.

2. Pima safari. Pikapu ya umeme ikitangazwa kufika kilomita 400, ihesabiwe 200 ikiwa na tela zito. Ondoa asilimia 20 ya tahadhari, zinabaki 160. Kwa kwenda na kurudi na mzigo, mwisho wa safari usizidi kilomita 80.

3. Pima umeme. Mahali gari linapolala pawe na umeme wa uhakika, na nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni.

4. Tafuta fundi na vipuri kabla ya kulipa. Betri ndicho kifaa ghali zaidi cha gari la umeme.

Kwa hiyo, anayesambaza maji ndani ya kata na kurudi kulala penye umeme anaweza kunufaika na pikapu ya umeme. Anayepeleka mazao masoko ya mbali atabaki salama zaidi na mseto au dizeli. Kikundi kiandike majibu ya maswali haya manne na kuyajadili na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya kuwasilisha andiko la mkopo.