Logibuku imepotea? Lipia nyingine bila kutapeliwa

Umepata mnunuzi wa gari. Mmepatana bei, pesa ziko tayari, unafungua droo na logibuku haipo. Au ipo, lakini ilinyeshewa na maandishi hayasomeki tena. Usipaniki. Logibuku nyingine hupatikana. Shida ni kwamba mtu akiwa na haraka, matapeli humpata kwa urahisi. Hebu tuone utaratibu, na mahali pa kuwa macho unapolipa.

Kabla ya kulipa

Ikiwa imepotea au imeibwa, anzia kituo cha polisi upewe abstrakti. Wapo watu hukopa kwa dhamana ya logibuku, kwa hivyo ripoti hiyo ni kinga yako. Ikiwa imeharibika, usitupe vipande. Huenda ukatakiwa kuvirudisha.

Angalia pia jina. Anayeomba ni mwenye gari aliyesajiliwa na NTSA. Ulinunua gari au bodaboda na hukubadilisha umiliki? Itabidi umtafute aliyekuuzia. Sheria inataka mabadiliko hayo yaombwe ndani ya siku 14. Kama jina la benki pia limo kwenye logibuku kwa sababu ya mkopo, anza kwa kuzungumza na benki.

Jinsi ya kulipa

1. Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, fungua huduma za NTSA na uombe logibuku mbadala. Weka karibu kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya gari na abstrakti.
2. Mfumo utakupa bili yenye namba yake na kiasi unachodaiwa.
3. Kwenye simu, chagua Paybill. Namba ya biashara ni 222222. Namba ya akaunti ni ile namba ya bili. Usiweke jina lako wala namba ya gari.
4. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuthibitisha. Ukiona jina la mtu binafsi, hapo simama.
5. Hifadhi SMS ya malipo hadi upate logibuku yako.

Ukisaidiwa na mtu wa saiba, sawa, lakini lipa mwenyewe kwa simu yako. Mlipe kazi yake kando. Broka akikwambia "nitumie tu kwa namba yangu, nitakumalizia huko ndani", kataa. Pesa hiyo haiendi kwenye bili yako, na ombi lako litabaki halijalipiwa.

PIN mbili, usizichanganye

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. PIN ya KRA ya mtu binafsi huanza na herufi A na ina tarakimu na herufi 11 kwa jumla. Hiyo utaiandika kwenye fomu. PIN ya pesa ina tarakimu 4, na hiyo ni yako peke yako. Mtu akikupigia akisema "anashughulikia logibuku yako" kisha akuulize PIN ya tarakimu 4, au namba iliyoingia kwa SMS, kata simu. Hata sisi hatutakuuliza kamwe.

Umeshatuma kwa mtu usiyemwamini? Usingoje kesho. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu.