Somo kwa Watu Wazima: Kupiga Muziki Katika Kundi Kubwa



Somo hili ni kwa mtu mzima aliyejifunza tarumbeta, saksafoni au gitaa kwa mwaka mmoja au miwili, anayeziweza nyimbo kadhaa akiwa peke yake, lakini akialikwa kupiga pamoja na kundi hutafuta udhuru. Watu wa namna hii wako wengi hapa Kibiti na vijijini kwenye delta. Vijana hujifunza upesi, kisha huondoka kwenda Dar es Salaam kwa masomo na kazi. Anayebaki hapa kupiga kwenye arusi na mazishi ni baba au mama mwenye shamba lake. Yeye akiacha kwa aibu, vyombo vitabaki kabatini.

1. Jambo hili si geni kwetu

Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, ilianza Pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi. Vyama vyake mashuhuri viliitwa Marini na Arinoti. Unguja, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa na kazi zao mchana, wakifanya mazoezi jioni. Tena tumkumbuke Michael Enoch: alijulikana kwa gitaa alipokuwa Dar es Salaam Jazz, na baadaye akapuliza saksafoni katika Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Basi kushika chombo kipya ukubwani si ajabu.

2. Kila safu ina kazi yake

Katika bendi ya dansi, gitaa la solo hupamba, la ridhimu hushikilia mwendo, besi hubeba wote, na wapulizaji huwajibu waimbaji. Asiye fundi asikimbilie solo. Wala asidhani kwamba safu ya pili au ya tatu ni ya kujazia nafasi. Chukua sauti tatu: do, mi, so. Ukiondoa mi, msikilizaji hawezi kutambua kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Na mara nyingi hiyo mi hupewa mtu wa katikati.

3. Mambo ya kufanya

(a) Ukizidiwa na mwendo, usisimame. Piga sauti ya kwanza ya kila kipimo, nyingine ziache zipite. Ukisimama kabisa utapotea, na kurudi ni vigumu.

(b) Hesabu mapumziko. Makosa mengi ya mtu wa katikati hutokea anapoingia mapema baada ya kimya, kuliko katika sauti zenyewe.

(c) Jua ufunguo wa chombo chako. Kinanda kikipiga C, tarumbeta ya B flati husoma D, na saksafoni alto husoma A. Wengi hudhani hawana sikio, kumbe wamepewa karatasi ya kinanda.

(d) Linganisheni sauti wakati wa kupiga, si asubuhi kukiwa na baridi. Joto hupandisha sauti ya tarumbeta, lakini kinanda cha umeme hakibadiliki. Ukiwa juu, vuta nje kidogo lile bomba la kurekebishia.

(e) Dakika 20 kila siku zafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Chukua kipande kigumu peke yake, ukipige polepole mpaka midomo na vidole vizoee, ndipo uongeze mwendo.

4. Saa ya mazoezi

Ndugu zetu wa Maparoni na Kiongoroni husafiri kwa maji, na mara nyingi hungoja yajae. Maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Kwa hiyo Jumamosi hii yakijaa saa kumi jioni, Jumamosi ijayo saa kumi yatakuwa karibu kupwa. Kikundi chenye saa moja tu isiyobadilika kitawalaumu wenzao kwa uvivu bila haki. Afadhali ratiba ya mwezi ifuate maji. Nao wanaovuka wafunge vyombo katika nailoni, na wakifika wavifute kwa kitambaa kikavu, maana chumvi hula shaba.

5. Neno kwa viongozi

Mzee akikosea, usimsimamishe mbele ya wajukuu. Mkae pembeni mazoezi yakiisha, umwonyeshe. Mweke karibu na mpigaji imara wa safu ile ile, apate sauti ya kufuata. Nimeona watu wazima wakiacha kabisa kwa sababu ya neno moja la dhihaka, na kumrudisha mtu wa namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kundi lenu, ni nani anayeshikilia mwendo? Mmewahi kumshukuru?
2. Je, saa yenu ya mazoezi inawafungia nje watu gani?
3. Zoezi: pigeni wimbo mmoja bila safu ya pili, kisha pamoja nayo. Kila mtu aeleze alichosikia.